Usiiache Jioni ya Igombe

Kitangiri, Mwanza
Jumamosi, jua likiwa linaelekea kuzama

Koku mama,

Uko Nyakato kwa shangazi yako unaagwa, na kwa ninavyomjua dada yangu, hutoki pale kabla hujamaliza ndizi zake na kufungiwa senene wa safari. Mama yako yuko chumbani amekalia sanduku lako ili zipu ifunge. Mimi nimefukuzwa humo kwa kosa la kucheka. Kwa hiyo nimekaa hapa barazani na kalamu, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mambo ya koti, ya kula vizuri, ya kupiga simu, hayo yote nimemwachia mama yako. Ameshakuambia, atakuambia tena kesho uwanjani, na ndege ikichelewa atarudia kuanzia mwanzo. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu ile bahasha ya kijani uliyoiweka kwenye begi la mkononi. Nitalifikia. Lakini unanijua, baba yako ni Mhaya, hafiki mahali bila kuzunguka kwanza.

Niache nijisifu kidogo, maana kesho mbele za watu mama yako atanikanyaga mguu. Mtoto wangu anakwenda Norwei kusomea jinsi sauti inavyosafiri chini ya bahari! Wiki hii nimemwambia kila aliyeingia dukani. Mtu anakuja kununua plagi ya injini ya boti, anaondoka anajua kwamba bahari ina matabaka, maji ya vuguvugu juu na ya baridi chini, ya chumvi nyingi hapa na chumvi kidogo pale, na kwamba kuna mizunguko ya maji huko ndani mikubwa kuliko mkoa huu wa Mwanza, inatembea taratibu bila mtu wa juu kuiona. Anaondoka anajua kwamba sauti ikipita humo hainyooki, inapinda. Na kwamba wewe utaichora bahari hiyo kwenye kompyuta, tabaka kwa tabaka, ili useme mapema: nyangumi akilia hapa atasikika pale, na pale hatasikika kabisa. Jana mteja mmoja wa Usagara alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha akaniuliza, "Sasa mzee, plagi ipo au haipo?"

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Nakumbuka ulikuwa umerudi likizo kutoka chuoni Dar, mimi nakusumbua tena na tena, kwa nini sauti ipinde, nani ameikunja? Ukanishika mkono ukanitoa nje ya duka. Mkokoteni wa maji ulikuwa unapita. Ukaniuliza, "Baba, gurudumu moja likiwa kwenye lami na lingine likiingia kwenye mchanga, mkokoteni unageukia wapi?"

Nikasema unageukia mchangani, hilo hata mbuzi wanajua.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu gurudumu la mchangani linachelewa."

"Basi ndivyo ilivyo na sauti," ukasema. "Kwenye maji ya vuguvugu inakimbia, kwenye maji ya baridi inachelewa. Kwa hiyo inageukia kwenye baridi."

Nilisimama pale kando ya barabara nacheka peke yangu, watu wananitazama. Nusu ya maisha yangu nimeuza mashine zinazofanya kazi kwa sauti, na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Siku hiyo nilijua kwamba umenipita, na sikuumia hata kidogo. Nilitamani kumsimamisha mwenye mkokoteni nimwambie.

Sasa nikurudishe kwenye hadithi ambayo nimeipiga marufuku ndani ya nyumba hii. Unajua wavuvi wa Igombe wananiitaje. Hata wewe ulipokuwa mdogo, ukipita pale walisema, "Huyo ni mtoto wa Tani Moja." Ukija kuniuliza nakwambia ni watu wasio na kazi. Mama yako aliwahi kuniita hivyo mara moja tu, kwa utani, nikasusa chakula. Ulikuwepo siku jina lile lilipozaliwa, ulikuwa na miaka kumi na moja, lakini nadhani hukuelewa yote uliyoyaona. Leo nitakueleza, halafu utaniona mjinga, halafu tutaendelea.

Wakati huo sikuwa na duka langu. Nilikuwa nauza kwa Bwana Dinesh, ambaye wazee wake waliuza nyavu na kamba mjini hapa tangu kabla babu yako hajavuka ziwa kutoka Bukoba. Bwana Dinesh alileta mashine ya kutafutia samaki, ya kwanza mimi kuiona kwa macho. Unaifahamu inavyofanya kazi kuliko mimi: inapeleka mlio chini, inasubiri mwangwi urudi, kisha inachora kwenye kioo pale mlio ulipogonga kitu. Akanikabidhi niwapelekee wavuvi waione. Nikiwa mlangoni akaniita. "Baba Koku," akasema, "wewe uza mashine. Samaki usiuze." Nikamwitikia ndiyo, bosi, na sikuwa nimeelewa hata neno moja.

Mama yako alikuwa Misungwi anasahihisha mitihani, nikakuchukua. Tulipanda boti ya mvuvi Masanja, tukaenda mbele ya Igombe jioni, taa za kuvulia dagaa hazijawashwa bado. Ufukweni walikuwa wamejaa watu wanaosubiri kuona maajabu ya Mhaya. Mwanzoni kioo kilikuwa kitupu, nikaanza kutokwa jasho. Kisha chini kabisa, kwenye tope, pakaanza kuonekana mstari mwekundu. Ukanenepa. Ukapanda. Ukawa mkanda mpana unaojaza kioo kuanzia upande huu mpaka upande ule. Nilisimama ndani ya boti, Masanja akanishika shati nisiangukie majini, nikapiga kelele ambazo ufukweni walizisikia wazi: "Tani moja! Tani moja ya dagaa iko chini yetu! Tupa wavu!"

Wavu ulitupwa. Ulipovutwa ulikuja mwepesi. Ndani yake mlikuwa na kitu kama uji, kinang'aa, kinatikisika. Ni viluwiluwi wa wale wadudu wa ziwa, wale ambao wakiota mbawa hupanda juu ya maji kama moshi na sisi huku tunakimbilia kufunga madirisha. Masanja alitia mkono, akainua, akauacha uji ule uchuruzike polepole kati ya vidole vyake.

"Baba Koku," akasema, "hii tani yako inaliwa na ugali au na wali?"

Walicheka, Koku. Walicheka mpaka kuna waliokaa chini mchangani. Nilisema mashine ni mbovu. Hawakunyamaza, nikasema wavuvi wamechelewa kuvuta, dagaa wamekimbia. Nilisema na mengine ambayo hata leo sipendi kuyakumbuka. Neno moja tu sikulisema, nalo ni "sijui."

Wewe hukuwa unacheka. Wewe ulikuwa umeinama kwenye wavu na glasi ya chai ya Masanja, unachota. Ulikuja nayo mpaka nyumbani umeifunika kwa kiganja, ukaiweka dirishani, ukawasha tochi ukaishika nyuma yake. Mimi nimekaa kwenye kiti nimenuna. Ukaniita, "Baba, njoo uone, mwili wote unapitisha mwanga!" Sikuja. Ukaniita tena, "Baba, wana vipovu ndani yao! Viwili mbele, viwili nyuma. Ni hewa hii." Nikasema sawa. Kisha ukageuka ukaniuliza swali ambalo sijawahi kulisahau: "Baba, kwa hiyo mashine ilikuwa inasikia nini?"

Nilinyanyuka, nikaichukua ile glasi, nikaenda kuimwaga nyuma ya nyumba kwenye migomba. Nikakwambia wadudu wananuka. Hawakuwa wananuka. Niliona aibu tu, na kila nikiitazama ile glasi nasikia vicheko vya Igombe. Hukulia wala hukuuliza tena. Uliichukua glasi tupu ukaenda kuiosha.

Sikilizia hapo, mwanangu, maana hapo ndipo penye kitu nilichokipata kwa shida. Mashine haikukosea. Ilisema: hapa kuna kitu. Basi. Samaki niliwaongeza mimi. Na baada ya kuwaongeza nikakasirika kwamba hawapo, nikatafuta wa kumlaumu, nikamwaga hata kile kidogo tulichokipata kweli. Ilinichukua muda mrefu kulielewa hili, tena nililielewa kazini, wala si kwa busara. Mvuvi mmoja wa Kayenze, tukiijaribu mashine botini kwake, alinionyesha mkanda kwenye kioo akaniuliza, hawa ni samaki? Nilikuwa na malaria, sina nguvu ya kudanganya. Nikamjibu, "Sijui. Kuna kitu. Tupa wavu uone." Alinitazama, akasema, "Wewe ndiye muuzaji wa kwanza kuniambia hujui," akainunua papo hapo. Nilipona malaria, lakini jibu lile sikuliacha. Kwa jibu lile nimefungua duka langu mwenyewe, na kwa duka lile umesoma.

Umeona tulivyozunguka? Sasa tunakaribia bahasha.

Mwezi uliopita ulikuja na wazo lako, na sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tangu siku ulipozaliwa. Ulisema umelichora ziwa letu kwenye kompyuta, hapo mbele ya Igombe, na unataka kulijaribu. Tuliteremsha waya wa kupimia joto, mita kwa mita, mimi nasoma namba wewe unaandika. Upepo ulikuwa umetulia wiki ile, maji ya juu yameota jua, ya chini yamebaki na ubaridi wao. Tuliazima ringi ya gari iliyokuwa kengele ya zamani ya shule anayofundisha mama yako, tukaichomelea kwenye mwisho wa bomba la chuma ili izame majini huku Masanja akiligonga bomba kwa juu. Kinasa sauti cha majini nilikitengeneza mimi kwenye meza ya duka, na unakumbuka ulivyonitesa nacho. Nilikijaza mafuta, ukakataa. Kuna povu, baba. Nikarudia. Bado kuna povu, baba. Nikakuuliza povu moja dogo hivyo litafanya nini? Ukaniambia hewa ndani ya maji ni ukuta kwa sauti, hata ikiwa ndogo namna gani. Nikarudia mara ya tatu huku nikinung'unika, na moyoni najivuna.

Kisha ukanitabiria. Tukiwa bado ufukweni, mbele ya Masanja, ukasema, "Baba, tukisogea mbali, kinasa kikiwa karibu na juu hutasikia kitu. Kikiwa chini utasikia wazi." Masanja akasema huyo mtoto amechanganyikiwa kama baba yake, mtu anagonga juu, asikike chini?

Tulikwenda na boti nyingine mbali mpaka boti ya Masanja ikawa ndogo. Nikampigia simu. "Gonga!" Nikavaa spika za masikioni. Juu kulikuwa na kimya, maji tu yanagonga ubao wa boti. Huku kwenye simu namsikia Masanja anagonga na kuhema, "Mnasikia? Mnasikia?" na majini hamna kitu. Ukaanza kuteremsha kinasa polepole. Na ghafla, kule chini, ngo! Ngo! Ngo! Kengele ya shule ya mama yako, safi kabisa, kama niko darasa la pili nimechelewa. Koku, nilipiga yowe. Ulikuwa umeichora sauti kabla haijapigwa, na ikapita kulekule ulikoichora! Nilikukumbatia boti ikayumba, na nusura kinasa kiende na maji.

Tungerudi nyumbani hapo, barua hii ingeishia hapa na ningeendelea kujisifu mpaka karatasi ziishe. Lakini wewe ulitaka kurudia jioni. Waya ulionyesha joto lilelile, tabaka zilezile, hakuna kilichobadilika kwenye namba zako. Masanja akagonga. Juu kimya, sawa, ulisema hivyo. Ukateremsha chini. Kimya. Ukateremsha zaidi, ukarudisha, ukateremsha. Palikuwa na mlio mdogo sana, kama mtu anagonga mlango wa jirani wa tatu. Ukaniomba nimwambie Masanja agonge kwa nguvu, akagonga mpaka akauvunja mpini wa nyundo. Tukiwa tunarudi nilikuona kwenye mwanga wa simu unapitia namba zako tangu mwanzo.

Sasa nakuja kwenye meza yetu, juzi. Ulisema wiki ya kwanza tu huko utasimama mbele ya mwalimu wako mpya na wenzako, uwaonyeshe kazi uliyoifanya mwenyewe. Ulisema, "Baba, mchana umekaa sawasawa na mchoro wangu. Jioni imeharibu kila kitu. Wakiiona watauliza kwa nini, na sina jibu. Watasema huyu tumemchukua wa nini." Ulikuwa unaogopa, mama. Niliiona hofu ile na ikaniuma, nikataka iondoke palepale mezani. Nikakujibu haraka, mdomo una chakula, "Basi itoe. Nani anajua kwamba ulikwenda jioni?"

Mama yako alihamisha tu kichupa cha chumvi kutoka huku akakiweka kule, na ungekaa na mwanamke yule muda niliokaa naye, ungejua maana yake. Asubuhi ukachapisha mchoro mpya, wa mchana peke yake, mzuri, umenyooka, ukautia kwenye bahasha ya kijani. Ukaniambia, "Asante baba, umenipunguzia mzigo." Nikafurahi. Mpaka nilipofika dukani, nikamwona mteja anaosha mikono kwa glasi ya maji mlangoni, akayamwaga yaliyobaki. Nilikaa kwenye kiti changu na sikuuza kitu mpaka saa ya chakula.

Nimemwaga glasi yako mara ya pili, Koku. Mara ya kwanza ulikuwa mtoto na nilikuwa na aibu yangu. Mara hii wewe ni mtu mzima, na nilitaka kukuondolea aibu yako, lakini kilichomwagika ni kilekile.

Kwa hiyo jana nilipowaaga kwamba nakwenda Igombe kumwona mteja, mteja mwenyewe alikuwa ziwa. Nilibeba ile mashine ya zamani ya Bwana Dinesh, ambayo aliniachia alipofunga duka, kioo kina ufa lakini inawaka. Nilimkuta Masanja anashona wavu. Nikamwambia twende palepale tulipokuwa na Koku, saa ileile ya jioni. Hakuuliza sana. Tulikaa na boti, injini imezimwa, tunatazama kioo. Kitupu. Jua likashuka. Na kule chini kwenye tope, mstari mwekundu ukaanza kunenepa, ukapanda, ukajaza kioo upande hata upande, hasa pale ulipokuwa umeteremsha kinasa chako.

Masanja alinitazama. Nikamwona anajizuia, mashavu yamejaa kicheko cha miaka yote hiyo.

"Baba Koku," akasema, "sema basi. Tani ngapi leo?"

"Sijui," nikamwambia. "Kuna kitu. Tupa wavu."

Akatupa. Ukaja mwepesi, umejaa uji ule unaong'aa, na dagaa wachache wa kuhesabika. Nikatia mkono mwenyewe safari hii, nikauacha uchuruzike vidoleni. Nikamulika kwa tochi ya simu. Viwili mbele, viwili nyuma, kama ulivyosema. Tulicheka, mimi na Masanja, tulicheka mpaka nikakohoa, na ndipo nilipogundua kwamba kucheka na watu juu ya ujinga wako hakuumi. Kinachouma ni kusimama peke yako unabisha.

Sasa nisikilize vizuri. Sisemi kwamba nimepata jibu lako. Jina ninalo tayari kwa kusema kabla wavu haujavutwa, na sitafuti jina la pili. Huenda ni hao viluwiluwi na vipovu vyao wanaopanda jioni na kusimama kati ya Masanja na wewe. Huenda ni kitu kingine ambacho mimi na wewe hatukijui. Utapima wewe, kwa vyombo ambavyo mimi hata kuvitamka siwezi. Ninachojua ni kwamba ziwa lilikuambia kitu jioni ile. Mchana lilikuambia yale uliyokuwa unayajua tayari. Jioni lilikuambia usilolijua, nawe ukaliona limekuharibia. Na mwenye kosa la kukubali hivyo ni mimi, niliyekuwa nimeshafundishwa na bado nikasahau.

Nakuomba uurudishe mchoro wa jioni ndani ya bahasha. Sikuurudisha mwenyewe, ingawa ulikuwa juu ya meza yako na mkono uliniwasha. Kazi ni yako na jina litakaloandikwa juu yake ni lako. Ukiamua kwenda na mchana peke yake, nitakupeleka uwanjani na nitakupungia mkono kwa nguvu zilezile, na sitakutajia tena. Lakini ukienda nao wote wawili, halafu mtu akasimama kule akakuuliza kwa nini jioni sauti ilipotea, mjibu, "Sijui bado." Lisemwe bila kuinamisha kichwa. Wakikucheka, wacha wacheke. Mimi walinicheka na bado nimekusomesha.

Karibu na miwani yako nimeweka kichupa kidogo, nimekifunga kwa soksi. Ndani kuna spiriti ya duka la dawa na viluwiluwi wa jana. Mama yako anasema watakunyang'anya uwanjani na kukuuliza maswali, na huenda ni kweli, kwa hiyo nimewapiga picha pia, nimekutumia kwenye simu. Lakini kichupa nakupa hata kama hakivuki mlango wa ndege. Nilikuwa na deni la glasi moja.

Nasikia geti. Ni wewe, nakusikia unacheka na mwenye bodaboda, na bila shaka umebeba senene. Nitaikunja barua hii niiweke mezani kwako kabla hujaingia, uisome usiku huu nikiwa nimeshalala, usipate wa kumbishia. Koku, nina furaha na safari yako kuliko ninavyoweza kuandika, na nina huzuni pia, lakini hiyo huzuni itasubiri mpaka ndege iruke. Kuna bahari nzima ambayo haijasikilizwa vizuri, na wanakuita wewe uje uisikilize! Nenda. Ukisimama mbele yao, anza na mchana ukitaka, ni mzuri na ni haki yako. Halafu watolee jioni ya Igombe, uwaambie kuna kitu.

Baba yako anayekupenda,

Tani Moja